WAJIBU WA MPANGAJI KATIKA NYUMBA ASIYOIJENGA

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na walimu huko Kilindoni, Mafia.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa hasira, siku mpangaji anapofungasha vyombo vyake na mwenye nyumba anapoingia ndani kutazama alichoachiwa. Afadhali tulizungumze leo, hasira ikiwa mbali. Jambo lenyewe ni wajibu wa mpangaji kuitunza nyumba anayokaa na kuzuia uharibifu unaoweza kuepukwa.

Wengi wetu tumeletwa kisiwani hapa na barua ya uhamisho. Asiyepata nyumba ya Serikali hupanga kwa mwananchi. Na mwananchi huyo mara nyingi si tajiri mwenye majumba. Huenda ni mvuvi aliyekwisha kuiaga bahari, au mkulima wa minazi, au mjane aliyeachiwa vyumba vinne na marehemu mumewe. Nyumba hiyo moja ndiyo pensheni yake. Sisi tunaoingoja pensheni yetu kwa hamu hatuna haki ya kuibomoa ya mwenzetu.

Tena tukumbuke tupo wapi. Saruji, bati, rangi na hata msumari huvuka bahari kabla ya kufika Mafia, na gharama ya safari hiyo huongezwa juu ya bei. Zamani mwenyeji alichoma matumbawe akapata chokaa ya kujengea. Lakini matumbawe ni makao ya samaki, na tangu Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, kuyachimba ndani ya mipaka yake kumekatazwa. Mikoko itoayo boriti nayo inalindwa na sheria. Ukuta unaoangushwa na uzembe wa mtu mmoja haurudishwi kwa urahisi.

Ndugu zangu, yafaa tutenganishe uchakavu na uharibifu. Rangi kufifia, makuti kuoza baada ya miaka yake, bawaba kulegea kwa kutumika, huo ni uchakavu, na hakuna mpangaji anayepaswa kulaumiwa kwa huo. Uharibifu ni ule ambao mtu mwangalifu angeweza kuuzuia.

Chukueni mfano wa bati. Mpangaji hupanda juu ya paa kufunga ungo wa televisheni. Hutembea juu ya bati, likabonyea, msumari ukalegea. Upepo wa kusi unaleta chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na mahali palipochubuka zinki kutu huanza kula. Mvua za masika zinapofika, tone la kwanza huanguka. Mpangaji huweka sufuria chini ya tone, akaendelea kusahihisha madaftari. Juu ya dari, ubao umelowa, na ubao uliolowa huoza na kukaribisha mchwa. Baada ya masika mawili au matatu, kilichotaka msumari mmoja na kipande cha lami kinataka paa jipya. Kosa la kupanda lilikuwa dogo. Kosa kubwa lilikuwa kunyamaza.

Mifano mingine mnaijua. Maji ya kuogea yanayomwagwa kila siku mguuni mwa ukuta wa udongo huuyeyusha kutoka chini, hata ukabaki unaning'inia juu ya fito. Jiko la mkaa linalowashwa chumbani huuvika dari masizi, na huhatarisha pia roho za waliolala. Matambara na mchanga hulijaza shimo la choo kabla ya wakati wake. Waya wa umeme unaounganishwa na fundi asiyejua kazi unaweza kuiteketeza nyumba pamoja na vyeti vyetu.

Wapo wanaosema: "Mimi nalipa kodi, matengenezo ni ya mwenyewe." Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa upangaji hata kama hayakuandikwa. Mpangaji anatakiwa kuliweka jengo katika hali ya kuridhisha, na mwisho wa upangaji alirudishe katika hali aliyolikuta. Hatadaiwa uchakavu wa kawaida, wala madhara ya moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake. Neno uzembe ndilo linalopima.

Lakini haki haina upande mmoja. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye nyumba amwachie mpangaji akae kwa amani, na anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kisha akawa haonekani bati linapovuja, naye ni mharibifu wa mali yake mwenyewe. Mpangaji atoe taarifa mapema. Mwenye nyumba aisikilize mapema.

Atakaye kuona mwisho wa nyumba isiyo na mwangalizi, na avuke hadi Chole. Huko ndiko yalikokuwa makao ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamishiwa hapa Kilindoni mwaka 1913. Majengo yao yalikuwa ya mawe na chokaa, manene. Mbegu za miti ya jamii ya mkuyu zikaota katika nyufa, mizizi ikapenya, na leo mti ndio unaoushika ukuta. Siku ya kwanza mche ule ungeng'olewa kwa vidole viwili. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakieleza jambo waliloliona kwa macho.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, siku ya kuingia, mpangaji na mwenye nyumba waizungukie nyumba pamoja, waandike hali ya kila mlango, kufuli na bati, na kila mmoja abaki na nakala. Sisi tunaokabidhiana ofisi kwa maandishi tunashindwaje kukabidhiana nyumba? Pili, dosari itolewe taarifa katika wiki ile ile inapoonekana. Tatu, aliyevunja atengeneze kabla ya kuhama, asimwachie atakayekuja.

Maana huyo atakayekuja ndiye atakayelipa. Mwenye nyumba aliyeharibiwa na mwalimu mmoja huwafungia mlango walimu wote. Mwalimu mpya hushuka bandarini na sanduku lake, akakosa chumba, akaomba uhamisho. Na darasa la watoto wa Mafia likabaki halina mwalimu wa hesabu. Hapo ufa wa nyumba umeingia shuleni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi ndio wageni. Tutakapopata barua nyingine ya uhamisho na kurudisha ufunguo, mwenyeji aweze kusema kwamba kuja kwetu kulimponya.