Picha ya Mtandaoni Nayo Ina Mwenyewe



Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika korosho mwaka 2007. Kila mkulima wa Masasi na Newala anafahamu kwamba gunia likishapokelewa chamani halipotezi mwenyewe, kwani stakabadhi humtaja. Picha iliyomo katika intaneti ni vivyo hivyo: kuonekana na watu wote si kuwa mali ya watu wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mpigaji picha kama imlindavyo mtunzi wa kitabu. Chama kinachojitwalia picha kwa ajili ya kalenda au tangazo huweza kudaiwa fidia, na fedha hizo zitatoka kwa wanachama.

Hata hivyo, zipo picha ambazo wenyewe wameruhusu zitumike bila malipo. Hazina kubwa ya picha hizo ni Wikimedia Commons, iliyoanzishwa mwaka 2004. Katibu aandike jina la kitu au mahali anapopahitaji, kisha afungue ukurasa wa picha yenyewe na kusoma masharti yake. Nyingi zina leseni za Creative Commons. Alama ya BY yadai mpigaji atajwe. SA yadai kazi itokanayo na picha hiyo itolewe kwa masharti yale yale. Katika hazina nyingine huonekana NC, yaani si kwa biashara, na ND, yaani isibadilishwe. Kalenda ya kuuzwa isiwe na picha yenye NC.

Chini ya picha yaandikwe mambo manne: jina la picha, mpigaji, ilikotoka na leseni. Ikiwa imekatwa au kubadilishwa, hilo nalo lisemwe.

Zipo pia picha ambazo muda wa haki yake umekwisha. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipiga picha Masasi na Newala, akazitoa katika kitabu mwaka 1908. Alifariki mwaka 1926. Picha hizo hazihitaji ruhusa, lakini yafaa jina lake na mwaka vitajwe, msomaji asije akadhani mambo ya kale ni ya leo.

Mwisho, leseni haihalalishi udanganyifu. Mkorosho hustawi India na Vietnam pia. Picha ya huko ikiwekwa katika tangazo la chama cha Newala, mnunuzi amedanganywa. Lililo bora ni chama kipige picha ya mashamba na ghala lake, kwa ridhaa ya watakaoonekana, na mpigaji akikubali iwekwe katika hazina hiyo kwa jina lake.