Paka wa Nyumbani Akiugua Ghafla



Paka hulinda mahindi yetu, na watoto humpenda. Sasa, akianza ghafla kutetemeka na kutokwa na povu, tufanyeje?

Msimshike kwa mikono mitupu. Huenda amekula panya mwenye sumu. Lakini huenda pia ni kichaa cha mbwa, kwa maana paka naye hukipata. Mfungieni peke yake, mwiteni daktari wa mifugo. Msimnyweshe maziwa kwa nguvu, yataingia mapafuni.

Akimwuma au kumkwaruza mtu, osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, akachanjwe. Msingojee dalili, zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Akifa, mzoga msiuguse. Mwambieni daktari kwanza. Na watoto wakilia, msiwacheke. Waambieni wazi kwamba amekufa. Mkisema ametoroka, watamtafuta vichakani.

Mwisho, kikundi kichange pesa kidogo, daktari aje siku moja kuchanja mbwa na paka wote wa kijiji. Mtu mmoja hawezi, pamoja tunaweza.