Kuagiza Fidla kwa Fundi Aliye Hai: Mambo ya Kuzungumza Kabla ya Arubuni



Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa fidla. Nitajifunga kwenye njia moja ambayo wapigaji wengi wa mwambao hawaifikirii: kumwendea fundi aliye hai, anayetengeneza kwa mkono, na kumwagiza. Dai langu ni kwamba fidla ya namna hiyo inastahili bei yake pale tu mnunuzi anapoweza kumweleza fundi atapiga nini na atapigia wapi. Asiyeweza, ya kiwandani inamtosha.

Kwanza niliondoe suala la ukale. Tumezoea kusikia kwamba siri ya sauti ilizikwa Cremona, Italia, pamoja na fundi Antonio Stradivari mwaka 1737. Mwaka 2010 huko Indianapolis, Marekani, mtafiti Claudia Fritz na fundi Joseph Curtin waliwapa wapigaji 21 fidla sita: tatu mpya na tatu za kale, mbili kati ya hizo za kale zikiwa za Stradivari. Wapigaji walivaa miwani ya wachomea vyuma isiyowaruhusu kuona, na manukato yalitiwa kwenye kiegemeo cha kidevu ili harufu ya mbao kuukuu isiwape fununu. Iliyopendwa kuliko zote ikawa mpya, na iliyokataliwa kuliko zote ikawa ya Stradivari. Jaribio jingine lilifanyika Paris mwaka 2012. Wapigaji mahiri sita kati ya 10 walichagua mpya. Lakini tusishangilie kupita kiasi. Fidla mpya zilizoingia humo zilikuwa zimechujwa kwanza, kwa hiyo upya peke yake hauthibitishi kitu. Wala karatasi ya ndani yenye jina Stradivarius haithibitishi chochote: viwanda vya Ujerumani na Bohemia viliibandika kwenye maelfu ya fidla za bei nafuu.

Sasa tuje kwenye mazungumzo na fundi, maana hapo ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Fundi wa Cremona au wa Brooklyn, Marekani, huchukulia kwamba nyuzi zako zitakazwa sol, re, la, mi. Lakini wapigaji wa taarabu wanaofuata mtindo wa Misri hushusha mbili za juu, zikawa sol, re, sol, re. Mkazo unapungua, na fidla iliyosawazishwa kwa mkazo mkubwa inaweza kukosa uhai. Mwambie mapema, achague nyuzi zinazofaa, achonge kwa kipimo chako kile kibao kinachobeba nyuzi, na akisimamishe mahali pake kile kijiti cha ndani kati ya ubao wa juu na wa mgongo. Kijiti hicho kikisogea hata milimita moja, sauti hubadilika.

Jambo la pili ni la ladha. Mafundi wengi hujivunia sauti inayopenya okestra nzima mpaka kiti cha mwisho. Ni sifa kubwa kwa mpigaji wa pekee. Katika taarabu ya asili, fidla nne zinatakiwa zisikike kama moja, na yenye makali huwaudhi wenzake. Kwa hiyo ukipewa fidla ya kujaribu, usiridhike na chumba cha fundi. Omba wiki moja au mbili. Ipige pamoja na udi na ganuni, na mtu unayemwamini akae nyuma ya ukumbi, kwa sababu sikio lililo karibu na kidevu hudanganya.

Halafu kuna hewa yetu. Fidla nzuri huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, nayo hulegea kwa joto na unyevu. Fundi huitaka hivyo kwa makusudi: afadhali kiungo kiachie kuliko ubao upasuke. Ulaya, mwenye fidla huirudisha karakana ikagundishwa upya. Wewe unayeishi Tanga au Unguja utairudisha kwa nani? Muulize fundi kama atakufundisha kugundisha kiungo kilichoachia. Akikataa hata kulizungumza, mimi ningetafuta mwingine. Na fidla isiachwe ndani ya gari juani, hata kwa muda wa kwenda sokoni.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Wenye majina hudai maelfu mengi ya dola, na foleni yao inaweza kuzidi mwaka. Arubuni iandikiwe mkataba unaosema itarudishwa au la usipoipenda fidla. Mwalimu anayekusindikiza kwa muuzaji muulize waziwazi kama analipwa kamisheni. Swali hilo si utovu wa adabu. Wala usinunue kwa kutarajia faida. Ni kweli kwamba fidla ambayo fundi Samuel Zygmuntowicz alimtengenezea mpigaji mashuhuri Isaac Stern mwaka 1994 iliuzwa mnadani mwaka 2003 kwa dola 130,000, lakini hapo mnunuzi alilipia pia mikono ya Stern.

Upinde una bajeti yake mbali. Pinde nzuri za zamani zilichongwa kwa mti wa pernambuko wa Brazili, uliomo tangu 2007 katika orodha ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo ulizia hati zake kabla ya kuvuka mpaka, na ukatae pembe ya ndovu kwenye ncha. Kwa unyevu wa pwani, upinde wa nyuzi za kaboni unafaa kabisa. Wapigaji wakongwe mliopo hapa mtanibishia, nami niko tayari kwa mjadala.