Saa ya Michezo Isifutwe

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya walimu, Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni)



Tumepewa dakika kumi. Tulikuwa tumejiandaa kusema habari za madawati na vitabu, kama kila mwaka. Lakini katika mkutano wa wazazi uliopita lilitolewa pendekezo kwamba saa ya michezo ya Alhamisi ifutwe, na mahali pake iwekwe saa nyingine ya hesabu kwa ajili ya watoto wa mtihani. Kamati itaamua mwezi ujao. Kwa hiyo madawati yatangoja, na dakika zetu zote tutazitumia kwa jambo hilo.

Kwanza tuseme wazi kwamba wazazi walioleta pendekezo hilo si wajinga. Mzazi mmoja alisimama akasema, "Sikumbeba mwanangu mgongoni kutoka Fizi ili aje kucheza." Hakuna mwalimu aliyeweza kumjibu siku ile. Wengi wetu nasi tulibebwa, au tulibeba. Na siku ya leo yenyewe inakumbusha watoto wa Soweto walioandamana tarehe 16 Juni 1976 wakidai elimu iliyo bora, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Afrika imeiadhimisha siku hii tangu 1991. Asije mtu akadhani walimu wamesimama leo kudharau masomo.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema katika kifungu cha 28 kwamba mtoto ana haki ya elimu, na katika kifungu cha 31 kwamba ana haki ya kupumzika na kucheza. Ni mkataba ule ule. Lakini tunajua mkataba haujazi tumbo la mtu, basi tuache karatasi, twende uwanjani.

Watu wengi wakipita Alhamisi huona watoto wamechuchumaa juu ya mashimo na kusema, "Walimu wamechoka leo." Tunaomba mtupe nafasi tueleze kinachofanyika pale.

Mchezo ule wazee mnaujua kuliko sisi. Waswahili wa pwani huuita bao, Wanyarwanda igisoro, Warundi ikibuguzo, Waluba kwetu Kongo kisolo. Hatuna mbao, na kukata miti hapa hakuruhusiwi, kwa hiyo tunachimba mashimo ardhini: safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32. Kete ni 64, vijiwe tu vya kuokota. (Mahindi na maharage tumekataza. Chakula si kete.) Kila mchezaji anatawala safu mbili, yaani mashimo 16. Anachota kete za shimo moja, anazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, na pale kete ya mwisho inapoangukia ndipo panapoamua kama atakula kete za mwenzake au atalala.

Sasa angalieni kazi ya mtoto. Kabla hajachota, sharti ajue kete ya mwisho itaangukia wapi. Mtoto wa darasa la pili huhesabu kwa kidole. Baada ya wiki kadhaa huhesabu kwa macho. Halafu siku moja unamwona anachota shimo lenye kete 19 bila kuhesabu hata moja. Ukimuuliza umejuaje, atakwambia: 16 zinanizungusha na kunirudisha pale pale nilipochota, zinabaki tatu. Ndugu wazazi, hiyo ni kugawanya na kubakiza. Ndilo somo tulilokuwa tunalifundisha ubaoni kwa chaki tangu mwaka unaanza, na watoto wakituangalia tu.

Chuoni tulisoma habari za Friedrich Froebel, yule Mjerumani aliyefungua mwaka 1837 shule ya watoto wadogo wajifunze kwa kucheza, na 1840 akaiita bustani ya watoto. Tuliandika yote daftarini na kufaulu mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba babu zetu nyumbani walikuwa na bustani yao chini ya mwembe.

Tukiri na kosa letu. Muhula wa kwanza tulitaka kuonyesha kwamba michezo ni somo kweli, tukaanza kutoa alama. Aliyeshinda alipewa kumi, aliyeshindwa sifuri. Baada ya Alhamisi tatu watoto wanyonge walikuwa wanaugua tumbo kila Alhamisi. Tulifuta alama, na tumbo likapona.

Kosa jingine lilikuwa la kutowaalika wazee mapema. Walipokuja mara ya kwanza hawakucheza hata mchezo mmoja. Waligombana tangu mwanzo hadi mwisho juu ya sheria. Wa Uvira anasema hivi, wa Kalemie anasema vile, na mzee mmoja wa Kirundi akawaambia wote wawili kwamba hawakufundishwa. Tulichofanya ni kuwapa watoto wa darasa la tano kazi: kila kundi limkalie mzee mmoja, liandike sheria zake kwa Kiswahili safi, kisha kundi jingine lizisome na kucheza kwa kuzifuata. Sheria ikiandikwa vibaya, mchezo unakwama, na watoto wenyewe wanairudisha isahihishwe. Katika miaka yetu ya kufundisha hatujapata insha nzuri kama zile.

Kuna mtoto mmoja hatutamtaja. Alifika kambini na shangazi yake, akaandikishwa darasa la tatu, na kwa miezi miwili hatukusikia sauti yake. Tulidhani ni bubu. Alikuwa akikaa pembeni ya mashimo akitazama. Alhamisi moja mchezaji mmoja alipanda kete zake haraka haraka, na mtoto yule akasema kwa sauti kubwa, "Umeruka shimo!" Ni kweli, lilikuwa limerukwa. Hatusemi mchezo ulimponya. Bado kuna siku anakaa kimya mpaka jioni. Tunasema tu kwamba saa ya hesabu isingemfanya aseme neno lile.

Wasichana ni habari nyingine, na hapa tunasema na akina baba pamoja na akina mama. Saa ya michezo ikifika, wasichana wengi wanaitwa bombani kupanga foleni ya maji. Kaka zao wanabaki wanacheza. Wasichana wana michezo yao: mdako, kuruka kamba, na ule wa kupiga makofi na kurusha mguu, nzango, ambao Brazzaville mwaka 2015 ulionyeshwa mbele ya Afrika nzima katika Michezo ya Afrika. Kwetu hapa unachezwa foleni, ndoo ikiwa imeshikwa kwa mkono mmoja. Tunaomba siku moja tu kwa wiki, mvulana ashike ndoo.

Lililo gumu tumeliacha nyuma. Wapo watu wazima wanaocheza karata na dama, ile ambayo wenyeji wetu wa Tanzania huiita drafti, kwa kuwekeana mafuta na sabuni za mgao. Mama mmoja alikuja shuleni kuomba daftari kwa sababu mafuta aliyotaka kuyauza yalikuwa yamekwenda usiku kwenye karata. Watu waliposema walimu wanafundisha watoto kamari, maneno yalitoka hapo, na wazazi wanne walizuia watoto wao wasije Alhamisi. Hatuwalaumu. Lakini akina baba, ninyi mnaocheza vizuri, watoto wanajua majina yenu na wanaiga hata namna mnavyogonga vizibo vya soda. Njooni mcheze nao mchana, bila kuwekeana kitu.

Wageni wetu wa mashirika, mwaka huu hatuwaombi mipira. Inapasuka kwa miiba baada ya siku mbili, na watoto wanarudia ile ya kufunga kwa nailoni na kamba. Tunawaomba msipange mgao wala mkutano uwanjani petu Alhamisi alasiri.

Kwa Kamati ombi letu ni kwamba kabla ya kuamua, wajumbe waje wenyewe. Ni Alhamisi ijayo, baada ya zamu ya pili kutoka, chini ya mwembe nyuma ya madarasa. Kila mjumbe atapewa mpinzani wa darasa la tano. Njooni na vigoda, maana madawati, kama tulivyotaka kusema mwanzoni, hayatoshi.