Siku 360: Madhara ya Muda Mrefu ya Endometriosisi kwa Wanawake wa Kitui na Makueni

Ndugu wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii,

Msichana anayelala kwa maumivu siku 3 za kila mwezi, kwa miaka 10 hupoteza siku 360. Karibu mwaka mzima wa shule, wa shamba, wa soko. Shirika la Afya Duniani linasema endometriosisi humpata mwanamke 1 hivi kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba mara nyingi hutambuliwa baada ya miaka 4 hadi 12. Naomba tutazame kinachotendeka mwilini katika kungoja huko.

Tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake: kwenye ovari, kibofu, utumbo. Hedhi ikifika nazo huvimba na kuvuja, ila damu yake haina pa kutokea. Huacha kovu juu ya kovu, hadi ovari inagandana na utumbo na mirija inajipinda. Mimba hukosekana, tendo la ndoa huwa mateso. Nyumbani swali ni moja tu: mbona hazai?

Tukae kidogo kwenye figo, maana huku kwetu hatari yake ni maradufu. Kovu likiubana mrija unaoshusha mkojo, figo inaweza kufa kimyakimya, bila maumivu mapya. Wakati huohuo mama mwenye ugonjwa huu amezoea kununua Brufen au diklofenaki dukani mwezi baada ya mwezi. Dawa hizo zikitumiwa kwa wingi kwa miaka, huchoma tumbo na kuumiza figo, hasa mwili ukikauka. Kiangazini mama anayetembea mbali kufuata maji, naye akinywa kidogo ili yawatoshe watoto, amekauka tayari.

Njambi Koikai, mtangazaji aliyezungumza waziwazi juu ya ugonjwa huu, tishu hizi zilimfika hadi kifuani, na mapafu yake yakanywea mara nyingi. Mwaka 2018 alitibiwa Atlanta, Marekani. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Wachache hufikia hali yake, lakini miaka ya kutoeleweka aliyopitia ni ya wengi.

Picha ya ultrasaundi ikitoka safi haimaanishi kwamba mgonjwa ni mzima. Wala hatulazimiki kungoja upasuaji ndipo tumsaidie: vidonge na sindano za homoni tunazotumia kupanga uzazi hutuliza ugonjwa wa wengi, na matabibu wanaweza kuzianzisha kwa kutegemea dalili. Kikwazo ni mama anayeona bintiye ambaye hajaolewa akipewa vidonge hivyo. Huyo aketishwe, aelezwe kwa Kikamba ikibidi, kwamba hii ni dawa ya maumivu ya mtoto wake. Tuache kabisa kumwambia msichana kwamba akizaa yatakwisha. Wapo waliozaa na bado wanagaagaa. Na kumwondolea msichana ovari zote ili kutibu ugonjwa huu si jambo jepesi, kwani mifupa na moyo hulipa baadaye.

Ombi langu halihitaji bajeti. Kwenye daftari la kliniki, kando ya tarehe ya hedhi ya mwisho, tuandike siku ngapi alikosa shule au kazi. Kukosa huko kukijirudia miezi 3 mfululizo, apewe barua ya rufaa.