Uzio Hauoteshi Mahindi
(Hotuba ya Katibu katika sherehe za kutimiza miaka kumi)



Siku kama ya leo desturi humtaka Katibu ahesabu magunia na maghala. Hesabu hizo zimo katika taarifa ya mwaka. Mimi naomba ruhusa nieleze habari za kiwanda cha mbali kilichoinuka kisha kikafungwa, kwani ukiona mwenzako ananyolewa, nawe tia maji.

Huko Marekani, wenye misitu na mifugo walikuwa na bastola ya kurusha vidonge vya rangi. Waliitumia kutia alama mti wa kukatwa au ng'ombe wa kutengwa, wakiwa mbali. Kilikuwa chombo cha kazi kama jembe. Tarehe 27 Juni, 1981, watu 12 waliingia nazo katika msitu wa New Hampshire, wakawindana kwa mchezo. Mchezo huo ukaenea, na haja ya bunduki za rangi ikazaa viwanda.

Kimoja kilikuwa Smart Parts, cha Pennsylvania, mali ya ndugu wawili, Bill na Adam Gardner. Mwaka 1996 walitoa Shocker, bunduki iliyotumia umeme wa betri katika kufyatua. Mwaka 2005 wakatoa Ion, ambayo kwa bei yake iliwafikishia wachezaji wa kawaida ufundi uliokuwa wa wenye fedha.

Lakini walikuwa pia na hataza, yaani hati za serikali zimpazo mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake. Kwa hati hizo waliwadai watengenezaji wengine malipo, na baadhi yao wakawashtaki mahakamani. Sheria iliwaruhusu. Hata hivyo wachezaji wengi walichukizwa, na wako walioapa kutonunua tena bidhaa zao. Kisha ukaja msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, na mtu mwenye dhiki huanza kupunguza starehe. Mwaka 2010 Smart Parts ilifungwa, na hataza zake zikaangukia mikononi mwa kampuni nyingine, Kee Action Sports.

Sisemi kwamba mashtaka peke yake ndiyo yaliyokiua kiwanda. Nasema kwamba siku ya shida ilipofika, hati hazikukiokoa.

Ndugu zangu, sisi nasi tunazo hati. Sheria ndogo zetu humtoza faini mwanachama auzaye zao lake kwa mlanguzi, na barua za faini hizo huziandika mimi. Ni haki, maana mwenye kuuza usiku huwapunguzia wenzake nguvu. Lakini kila niandikapo barua hujiuliza: je, mtu huyu tulimlipa kwa wakati? Alipouliza habari za mizani, tulimjibu au tulimnyamazisha?

Mnunuzi wa bunduki hakuwa na kiti katika mkutano wa kiwanda; alipochukizwa aliweza kuondoka tu. Mwanachama wetu ana kiti, na ana kura. Basi, enyi viongozi wenzangu, tufungue vitabu vya hesabu kabla ya kufungua kitabu cha faini. Nanyi wanachama, msiondoke usiku kimya. Njooni mchana, mseme mkutanoni.

Uzio hulinda shamba, wala hauoteshi mahindi. Miaka kumi ijayo itaoteshwa na uaminifu wetu.