Kifurushi Kilichotwaliwa: Bidhaa Hatari Katika Posta na Haki ya Mtumaji

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Idara ya Biashara ya kaunti katika baraza la wafanyabiashara wadogo na wakazi. Yamechapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.



Chukueni mfano wa mama anayeuza marashi na vipodozi sokoni. Amepata mteja Uingereza kupitia simu yake. Mteja amelipa, na mama amefunga kifurushi vizuri: kanga doti mbili, chupa mbili za marashi ya kupuliza, rangi ya kucha, na pawabenki moja ambayo ni zawadi ya mtoto wa mteja. Kwenye fomu ya forodha ameandika neno moja tu: "zawadi". Amelipa ada, akapewa risiti, akarudi dukani akiwa na matumaini.

Wiki zinapita. Mwishowe anaambiwa kifurushi kimetwaliwa kwa kuwa kina bidhaa hatari. Hakitafika na hakitarudi. Kanga nazo zimekwenda na maji. Mteja anataka pesa zake, na mama anajiuliza: marashi ambayo watu wanajipaka kila siku yamekuwaje hatari? Ni nani aliyeamua, na mbona hakuulizwa?

Maswali hayo ni ya haki, na jibu lake lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba sheria hii ina sababu nzito, kwa maana inalinda roho za watu. Upande wa pili ni kwamba anayetwaliwa mali yake ana haki ya kuelezwa sababu. Mwananchi anahitaji kuzijua pande zote mbili.

Kwa nini marashi na betri

Kitu kinachokaa salama kabatini kinaweza kuwa hatari kikiwa ndani ya ndege. Mabadiliko ya shinikizo la hewa na joto, kutikiswa na kugongwa njiani huweza kufanya chupa ivuje au kopo lipasuke. Tena moto ukiwaka angani, hakuna mahali pa kukimbilia.

Kwa hiyo mataifa yamekubaliana kugawa bidhaa hatari katika makundi 9: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, vitu vikavu vinavyowaka, vitu vinavyochochea moto, sumu na vitu vya kuambukiza, vitu vya mnururisho, vitu vinavyochoma ngozi na kula chuma, na kundi la mwisho la hatari nyinginezo. Kanuni za kuvisafirisha kwa ndege hutolewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO.

Sasa angalieni kifurushi cha yule mama. Marashi ya kupuliza yana spiriti nyingi, na spiriti iko katika kundi la 3, vimiminika vinavyowaka. Rangi ya kucha iko kundi hilo hilo. Kopo la kupuliza, liwe la nywele, la kwapa au la kuua mbu, lina gesi iliyoshindiliwa, na hilo ni kundi la 2. Pawabenki ina betri ya lithiamu, ambayo ni kundi la 9. Katika vitu vyote alivyofunga, kanga peke yake ndiyo haikuwa na tatizo.

Orodha haiishii hapo. Dawa ya kusafisha mikono yenye spiriti, viberiti vya gesi na vya njiti, rangi za mafuta za kupaka nyumba, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, kipimajoto cha zebaki, betri ya gari na pikipiki, vyote vinaangukia katika makundi hayo. Taa ndogo ya sola na kichezeo cha mtoto pia mara nyingi huwa na betri ya lithiamu ndani, hata kama betri yenyewe haionekani.

Ajali mbili zilizofunza dunia

Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya abiria ya shirika la ValuJet iliondoka Miami, Marekani, kuelekea Atlanta. Katika sehemu ya mizigo kulikuwa na mitungi midogo ya kutengeneza oksijeni. Karatasi za mzigo zilionyesha kwamba mitungi hiyo ilikuwa mitupu. Haikuwa mitupu. Moto ulidhihirika dakika chache baada ya ndege kupaa, ikaanguka, na watu wote 110 waliokuwamo wakafa.

Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, aina ya Boeing 747, iliondoka Dubai kuelekea Cologne, Ujerumani. Ilikuwa imebeba betri nyingi za lithiamu. Baada ya dakika 22 hivi, kengele ya moto ililia. Marubani waligeuza ndege kurudi Dubai, lakini moshi ulijaa chumba chao hata wakashindwa kusoma vipimo vilivyokuwa mbele ya macho yao. Ndege ilianguka na marubani wote wawili wakafa. Wachunguzi walipopitia karatasi za mzigo, walikuta kwamba angalau mizigo mitatu ya betri ilistahili kutangazwa kuwa bidhaa hatari, na haikutangazwa.

Betri ya lithiamu ina tabia yake. Ikigongwa, ikitobolewa au ikiwa na kasoro ya kiwandani, joto lake hupanda lenyewe bila kusimama, na betri moja huwasha jirani yake. Gesi ya kuzimia moto iliyomo katika ndege haiwezi kuusimamisha mfululizo huo. Ndiyo maana tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo katika ndege za abiria. Pawabenki huhesabiwa kuwa betri iliyo peke yake, hata ikiwa imefungwa kwa karatasi nzuri ya zawadi.

Ajali zote mbili zina jambo moja linalofanana: karatasi ilisema hivi, na mzigo ulikuwa vile. Neno "zawadi" kwenye fomu ni kosa la aina hiyo hiyo, ingawa mwandishi wake hana nia mbaya.

Kwa nini hakirudi

Hili ndilo linalowaudhi watu zaidi. Wengi husema: kama hakiruhusiwi, si mkirudishe kwa mwenyewe?

Jibu liko katika Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1874, ambayo Kenya ni mwanachama. Mkataba unasema kifurushi chenye vilipuzi, vitu vinavyowaka au bidhaa nyingine hatari zilizokatazwa kisipelekwe mbele, kisikabidhiwe mpokeaji, na kisirudishwe kilikotoka. Sababu yake ni nyepesi kuelewa. Kukirudisha ni kukipandisha tena katika ndege au gari lingine, na hatari inaanza upya.

Mkataba huo pia unaondoa fidia pale kifurushi kinapotwaliwa au kuharibiwa na mamlaka kwa sababu ya vitu vilivyokatazwa vilivyomo. Na kuna zaidi: ikiwa kitu kilichokatazwa kitavuja au kuwaka na kuharibu vifurushi vya watu wengine, mtumaji ndiye anayebeba lawama. Kwa hiyo bima ya posta si kinga kwa aliyetuma kisichoruhusiwa.

Si kila kilichokwama kimetwaliwa

Kabla ya kulalamika, jua kwanza kifurushi kimepatwa na lipi kati ya mambo matatu. Kinaweza kuwa kimezuiliwa na forodha kikisubiri ushuru au kibali. Hicho hutoka baada ya kulipiwa au karatasi kukamilika. Kinaweza kuwa kimekataliwa kwa ufungaji mbovu au anwani yenye makosa. Hicho kwa kawaida hurudishwa. Au kimetwaliwa kwa sababu ya bidhaa hatari. Kila moja lina njia yake, na anayelipa ushuru akidhani ataokoa marashi atapoteza mara mbili.

Jihadharini pia na matapeli. Ujumbe wa simu unaosema kifurushi kimetwaliwa na kinaweza kuachiliwa ukituma pesa kwa nambari ya mtu binafsi, usitii. Nenda kaunta ya posta au kampuni ya usafirishaji ukiwa na risiti yako, uulize hapo.

Kabla ya kufunga kifurushi

Kwanza, uliza kabla ya kununua sanduku. Peleka orodha ya vitu kaunta, umwambie mhudumu kinakwenda nchi gani na kwa njia gani. Kuna kitu kinachokubaliwa kwa barabara kisichokubaliwa kwa ndege, na kuna nchi ambazo masharti yake ni makali zaidi.

Pili, tofautisha betri iliyo ndani ya kifaa na betri iliyo peke yake. Kanuni za posta za kimataifa huruhusu vifaa vyenye betri ndogo ndani, kama simu, lakini pale tu posta ya nchi imepewa idhini na mamlaka ya usafiri wa anga. Hata hapo kuna kikomo: betri zisizidi 2 katika kifurushi kimoja, na kila moja isizidi saa-wati 100. Kifaa kizimwe kabisa na kifungwe kisiweze kujiwasha. Betri iliyovimba au kuharibika isitumwe kamwe.

Tatu, wauzaji wa mafuta na udi wajue tofauti. Kimiminika huingia kundi la 3 ikiwa mvuke wake unaweza kushika moto katika joto lisilozidi nyuzi 60. Spiriti iko chini sana ya hapo. Mafuta safi ya nazi yako juu sana, kwa hiyo hayamo katika kundi hilo, ingawa yakivuja yataharibu mali za wengine. Mafuta ya udi yasiyochanganywa na spiriti yanaweza kuwa salama, lakini afisa anayetazama picha ya mashine hawezi kuonja wala kunusa. Mwombe aliyekuuzia bidhaa kwa jumla akupe karatasi ya maelezo ya usalama wake, na uibebe unapokwenda kutuma.

Nne, andika kila kitu kwa jina lake. Usiandike "zawadi" wala "vitu vya nyumbani". Andika "kanga 2, simu 1 yenye betri ndani". Fomu ya kweli inampa mhudumu nafasi ya kukuzuia hapo kaunta, na kukuzuia kaunta ni hasara ndogo. Kitu ukirudishiwa mkononi, bado ni chako.

Tano, vitu vyenye mashaka visichanganywe na vitu salama. Kanga za yule mama zilipotea kwa kukaa sanduku moja na chupa za marashi.

Kikitwaliwa, una haki gani

Upande wa pili wa jibu haupaswi kusahauliwa. Sheria ya usalama si ruhusa ya kunyamaza. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo, na inagusa mashirika ya umma na watu binafsi pia. Kifungu cha 47 kinasema mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu uamuzi wa haki wa kiutawala imetilia nguvu jambo hilo.

Kwa hiyo, tunza risiti yenye nambari ya kifurushi. Peleka ombi la maandishi kwa ofisi uliyotumia, ukiuliza mambo manne: ni kitu gani kilichokatazwa, kilikuwa chini ya kanuni gani, kilitwaliwa wapi na lini, na vitu vingine vilivyokuwamo vimefanywa nini. Posta za dunia zina fomu ya kuarifiana kuhusu kifurushi kilichotwaliwa, inayoitwa CN 13. Uliza kama imepokewa. Kwa vifurushi vya nje, muda wa kuanzisha ulizo ni miezi 6 tangu siku inayofuata siku ya kutuma, basi usikae hadi mwaka upite.

Ukikosa jibu, au ukiona kitu kilichotwaliwa hakikuwa hatari, malalamishi yapelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, inayotoa leseni kwa huduma za posta na usafirishaji wa vifurushi. Kwa shirika la umma lililokataa kujibu, afisi ya Ombudsman pia iko wazi.

Kaunti haiendeshi posta. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeiweka huduma hiyo chini ya serikali ya kitaifa. Lakini jedwali hilo hilo limeipa kaunti jukumu la biashara na haki katika biashara, na ndiyo sababu ya baraza hili. Mfanyabiashara anayepoteza mtaji wa mwezi kwa kukosa habari anastahili kupewa habari hiyo mapema.

Mwenye duka la marashi hakuwa mwizi, na afisa aliyezuia sanduku hakuwa mwizi. Mmoja hakuuliza, na pale kaunta hakuna aliyemuuliza. Swali moja tu, "ndani mna nini?", lingeokoa kanga, pesa na jina lake kwa mteja. Anayetuma aulize, na anayepokea kaunta naye aulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.